Kansa Haingoji Matanga Iishe

Hii posti ni ndefu kuliko zile zangu za kawaida. Kama uko kwa matatu na bando inakaribia kuisha, iweke usome ukifika nyumbani.

Kwa kabati yetu hapa Otonglo kuna kadi moja ya manjano imekunjwa mara mbili. Ni ya dani. Ndani imechorwa masanduku madogo, na kila sanduku lina tarehe na sahihi. Sanduku moja ni siku moja aliyolala chini ya mashine akapigwa mionzi, ama kama tunavyosema huku, siku aliyochomwa. Tarehe zinaanza vizuri, Jumatatu mpaka Ijumaa, wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kisha Alhamisi moja ya wiki ya nne zinakatika. Masanduku sita hayana kitu, mtu amepiga tu mstari wa kalamu ya bluu. Halafu tarehe zinaendelea kama hakuna kilichotokea.

Kilichotokea ni kwamba kaka yake alifariki, naye akapanda basi la usiku kutoka Nairobi akaja kuzika.

Mimi ndiye nilimpokea steji. Nilikuwa Form Two. Nilifurahi kumwona, nikambebea mfuko, nikamtafutia boda ya mtu mzima anayeendesha pole pole. Hakuna mtu kwetu aliona kasoro. Dada mkubwa wa marehemu anakosaje kwa matanga? Alikaa siku kumi, akasubiri mambo ya wazee yaishe, akarudi Nairobi akamaliza matibabu. Wote tukasema Mungu ni mwema.

Ilinichukua miaka kujua ile mistari sita ya bluu ilimaanisha nini. Na nilipoanza kuchimba, nikagundua jambo ambalo sikufundishwa darasani: sehemu ya sayansi inayoeleza mistari hiyo ilifanyiwa utafiti hapa Kenya, kwa watoto waliougua ugonjwa ambao ukanda wetu wa ziwa unaujua kuliko karibu dunia nzima.

Tuanze mbali kidogo.

Mwaka 1895 Mjerumani Wilhelm Röntgen aligundua mionzi ya eksirei. Haukupita muda mrefu madaktari wakaanza kuielekeza kwa uvimbe wa kansa. Wazo lao lilikuwa la kawaida kabisa: hii kitu inaua, basi piga nayo kwa nguvu, mara moja, umalize. Uvimbe ulinywea kweli, lakini ngozi nayo ikaoza, na mgonjwa akabaki na kidonda kibaya kuliko ugonjwa.

Aliyebadilisha mambo ni Mfaransa Claudius Regaud, pale Paris miaka ya 1920. Msicheke, lakini alifanya utafiti wake kwa korodani za wanyama madume. Alizichagua kwa sababu ndani yake seli hugawanyika mchana na usiku bila kupumzika, kama seli za kansa, huku ngozi ya nje ikiwa ya kawaida. Akajaribu kuwafanya tasa kwa dozi moja kubwa. Ngozi iliharibika vibaya. Akaigawa dozi vipande vidogo, akavitoa kwa siku kadhaa. Wanyama wakawa tasa, ngozi ikapona. Mwenzake Henri Coutard akaupeleka mtindo huo kwa wagonjwa wenye kansa ya koo, na ndiyo sababu mpaka leo mtu anaambiwa aje kila siku kwa wiki tano au saba badala ya kuchomwa mara moja aende zake.

Wazee wa hapa watakwambia otonglo ilikuwa sarafu ya senti kumi. (Ndiyo, kabla ya ile hadithi ya wanafunzi ya 2013 iliyofanya nchi nzima iseme "Otonglo time", tulikuwa tayari na jina.) Tangu nisome habari ya Regaud, mimi huona tiba ya mionzi kama deni linalolipwa kwa senti kumi kumi. Unalipa leo, unalipa kesho. Lakini hili deni lina riba, na riba nitaifikia.

Kwanza, kwa nini senti kumi kumi inafanya kazi? Mionzi ikipita mwilini hukata uzi wa DNA ndani ya seli. Ikikata upande mmoja tu, seli inashona. Ikikata pande zote mbili mahali pamoja, kushona kunakuwa kugumu, na seli ikijaribu kugawanyika inakufa. Seli nzima za mwili wako ni mafundi wazuri wa kushona. Ukizipa muda, kama saa sita hivi, kazi kubwa ya ukarabati imeisha. Seli nyingi za kansa ni mafundi wabovu. Kwa hivyo kila siku unapiga zote mbili, kila usiku za kwako zinajirekebisha vizuri zaidi kuliko za kansa, na pengo linaongezeka pole pole.

Kuna pia habari ya oksijeni. Mwaka 1953 L. H. Gray na wenzake kule Uingereza walionyesha kwamba seli yenye oksijeni huumia na mionzi karibu mara tatu kuliko ile isiyo nayo. Katikati ya uvimbe mkubwa damu haifiki vizuri, kwa hivyo seli za huko ndani zinajificha kama mwizi kwa shamba la miwa. Ukiua zile za nje leo, hewa inafika ndani, na kesho unapata zile zilizokuwa zimejificha. Hiyo pia ndiyo sababu ya wao kupima damu kila mara wakati wa matibabu. Mama mwenye upungufu wa damu, na huku kwetu malaria inajua kuikausha damu, anaingia kwa mashine akiwa na uvimbe wenye njaa ya oksijeni. Huo ni uvimbe sugu zaidi.

Na ni nani aliyetuonyesha kwa vipimo jinsi seli za binadamu zinavyokufa kwa mionzi, dozi kwa dozi? Mwaka 1956 Theodore Puck na Philip Marcus, kule Denver, Marekani, walichora mchoro wa kwanza wa aina hiyo. Seli walizotumia zinaitwa HeLa. Zilitoka kwa Henrietta Lacks, mama Mwafrika-Mmarekani aliyefariki 1951 kwa saratani ya mlango wa kizazi. Yeye mwenyewe alitibiwa kwa radiamu, na seli zake zilichukuliwa bila yeye kuombwa ruhusa. Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo ilikuwa ya dani pia. Siku niliposoma hiyo nilifunga simu kidogo.

Sasa tuje nyumbani.

Mwaka 1957, hospitali ya Mulago pale Kampala, daktari wa upasuaji kutoka Ireland aliyeitwa Denis Burkitt aliitwa kumwangalia mtoto aliyevimba taya. Muda mfupi baadaye akaona mwingine, akaanza kupekua rekodi, na 1958 akaandika kuhusu ugonjwa huo. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, waliingia kwa gari moja kuukuu wakaendesha karibu kilomita 16,000 kuelekea kusini mwa Afrika, hospitali kwa hospitali, wakiuliza: mmewahi kuona mtoto kama huyu? Ramani iliyotoka ilishangaza. Ugonjwa ulikuwa wa sehemu za joto, za mvua, za chini. Ukipanda milimani kwenye baridi, haupo. Ni kama mtu alikuwa amechora ramani ya malaria. Mwaka 1964, kutoka kwa vipande vya uvimbe vilivyosafirishwa kwa ndege kutoka Kampala hadi London, Anthony Epstein, Yvonne Barr na Bert Achong wakaona kirusi ndani yake, cha kwanza kujulikana kuhusiana na kansa ya binadamu.

Ukanda wa ziwa uko ndani kabisa ya ramani hiyo. Ukitoka hapa Otonglo ukafuata barabara ya Busia, dakika chache tu uko Kisian, kwenye kituo cha KEMRI ambapo uhusiano wa malaria na ugonjwa huu umechunguzwa miaka na miaka. Watoto wenyewe wamekuwa wakipelekwa Jaramogi, ile sisi tunaita Russia kwa sababu Wasovieti ndio waliogharamia. Ndiyo hiyo hiyo ambayo Jomo Kenyatta alipokuja kuifungua, Oktoba 25, 1969, risasi zikarindima mjini na watu wakafa. Hiyo ni posti nyingine kabisa.

Uvimbe wa Burkitt una tabia moja ya kutisha. Unakua mbio kuliko karibu uvimbe wowote wa binadamu. Seli zake hugawanyika karibu kila siku. Mtoto anaweza kulala Jumapili na shavu limejaa kidogo, na Jumapili inayofuata jicho limesukumwa nje. Burkitt hakuwa na mashine ya mionzi Uganda, kwa hivyo alijaribu dawa, na dawa zilifanya maajabu. Kuna watoto walipona kwa dozi chache sana. Lakini Nairobi, Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, mashine ilikuwepo. Na hapo kulikuwa na daktari wa masikio, pua na koo, Peter Clifford, aliyeshirikiana na watafiti kutoka Stockholm.

Waliona jambo la ajabu. Kwa mtindo wa kawaida, dozi moja kwa siku, uvimbe wa Burkitt ulikuwa unagoma. Ukifikiria, ni hesabu ya darasa la nne. Unaua sehemu ya seli leo asubuhi. Mpaka kesho asubuhi zilizobaki zimezaana zikajaza pengo. Ni kama kuchota maji kwa mtumbwi uliotoboka, unachota kikombe, ziwa linaingiza kikombe. Sasa wakajaribu kuigawa dozi ya siku mara tatu: asubuhi kidogo, mchana kidogo, jioni kidogo. Hesabu ikageuka. Uvimbe uliotibiwa hivyo ulinywea vizuri kuliko ule wa mara moja kwa siku. Walichapisha matokeo 1971, na tena 1977, na kwenye hiyo ya 1977 majina ni mawili tu: Norin na Onyango.

Onyango! Nilisoma hilo jina mara tatu. Hapa tunaambiwaga sayansi kubwa inatoka nje na sisi tunapokea tu, na hapo kwenye historia ya biolojia ya mionzi kuna Onyango, Nairobi, na watoto wa Kenya ambao majina yao hayakuandikwa.

Nisikudanganye, leo Burkitt haitibiwi hivyo. Dawa zilishinda, na mionzi ikawekwa kando kwa ugonjwa huo. Lakini funzo lilibaki kwenye vitabu wanavyosoma madaktari wa mionzi: kansa ikikimbia, kalenda ina uzito kama ule wa dozi. Kule Uingereza, Stanley Dische na Michele Saunders walilisukuma wazo la namna hiyo mpaka mwisho. Walichukua wagonjwa wa kansa ya mapafu wakawachoma mara tatu kwa siku, siku 12 mfululizo, Jumamosi na Jumapili ndani. Jumla ya mionzi ilikuwa ndogo kuliko ya matibabu ya kawaida ya wiki sita. Matokeo yalitoka 1997. Baada ya miaka miwili, waliokuwa hai kwa mtindo wa kawaida ni 20 kwa 100. Kwa mtindo wa siku 12, 29 kwa 100. Dozi ndogo, muda mfupi, watu wengi zaidi hai.

Hapa sasa ndipo penye riba niliyokwambia.

Wewe unaweza kusema, sawa, Burkitt ni mbio za ajabu, na kansa zingine je? Hata mimi nilisema hivyo. Mwaka 1988 Rodney Withers na wenzake walikusanya rekodi za wagonjwa wengi wa kansa za kichwa na shingo wakaona kitu. Wiki za kwanza uvimbe unapigwa tu. Lakini baada ya kama wiki nne, zile seli zilizobaki hai zinaamka na kuanza kuzaana kwa kasi kuliko mwanzo. Ni kama zimejua kuna vita. Kuanzia hapo, kila siku unayoongeza kwa matibabu inakula sehemu ya dozi uliyokwisha kutoa. Na 1992, watafiti wa Toronto wakaangalia saratani ya mlango wa kizazi yenyewe. Kila siku ambayo matibabu yalivuka siku 30, uwezekano wa kuudhibiti uvimbe ulipungua kwa karibu asilimia moja.

Rudi kwa ile kadi. Wiki ya nne. Masanduku sita. Matibabu ya dani yalisogea mbele siku nane za kalenda.

Kansa yake ilirudi, pale pale ilipokuwa. Tulimzika miaka miwili baadaye.

Siwezi kusema siku nane ndizo zilizomuua. Sayansi haisemi hivyo, inazungumzia wengi, haimzungumzii mtu mmoja. Ugonjwa wake ulikuwa umeenda mbali kabla hajafika hospitali, na inawezekana ungerudi hata angelala chini ya hiyo mashine kila siku bila kukosa. Nimejirudia hilo mara nyingi. Ninachojua ni kwamba hakuna mtu nyumbani kwetu aliyekuwa na habari kwamba kukosa kuna bei. Pengine aliambiwa. Pengine aliambiwa kwa Kiingereza cha haraka, kwa korido, na mtu mwenye foleni ya watu hamsini nyuma yake. Kwetu sisi, kuchomwa kulikuwa kama kunywa dawa ya minyoo: ukikosa leo utakunywa kesho.

Na dani alikosa kwa hiari yake. Wengi wanakosa kwa sababu hawana la kufanya. Kwa miaka mingi sana, kama wewe ni mtu wa Siaya au Homa Bay au hapa, mashine ya umma ilikuwa Nairobi, mwendo wa kilomita 350 hivi. Wiki sita Nairobi. Utalala wapi? Kwa mpwa wako Kibera kwenye chumba kimoja chenye watu watano. Utakula nini? Nani atachunga duka lako la omena? Wiki ya tatu pesa inaisha, unarudi nyumbani "kidogo" kutafuta. Hiyo "kidogo" ndiyo inayouliza swali kwa seli.

Uganda waliona hali mbaya zaidi. Mulago, hospitali ile ile ya Burkitt, ilikuja kupata mashine ya kobalti iliyotolewa na China 1995. Kobalti nayo ina mambo yake. Nguvu yake hupungua kwa nusu kila baada ya kama miaka mitano na robo, kwa hivyo usipobadilisha chanzo chake, mgonjwa analala mezani muda mrefu zaidi na zaidi kupata dozi ile ile, na foleni inarefuka. Mwaka 2016 ile mashine ikafa kabisa. Ilikuwa ya pekee nchini. Hospitali ya Aga Khan Nairobi ikajitolea kuwatibu wagonjwa 400 bure, lakini nchi nzima ilikaa mpaka Januari 2018 ndipo mpya ikazinduliwa. Fikiria mtu aliyekuwa wiki ya tatu siku mashine ilipozima. Yeye kadi yake ina masanduku mangapi matupu?

Siku hizi Kenya mambo yamesonga. Kuna mashine za umma hata nje ya Nairobi, na hospitali ya Kenyatta University ina vifaa ambavyo dani hangeamini. Mashine za kisasa zinauzunguka mwili zikiuchora uvimbe kwa mionzi kama fundi cherehani, zikikwepa kibofu na utumbo. Kule Ulaya wanajaribu kitu kinaitwa FLASH, ambapo dozi nzima inatolewa kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Mwaka 2014 watafiti wa Ufaransa walionyesha kwa panya kwamba kasi hiyo inaua uvimbe lakini inayahurumia mapafu, na 2018 mgonjwa wa kwanza alitibiwa hivyo pale Lausanne, Uswisi. Kwa nini inakuwa hivyo, bado wanabishana. Mimi nilichoona ni kwamba miaka mia moja baada ya Regaud bado swali ni muda: sekunde, saa, siku.

Kwa hivyo kila nikiona kiongozi anakata utepe mbele ya mashine mpya, wasee wanapiga picha, mimi nina maswali ambayo hayapendezi kwa kamera. Ikiharibika, fundi anatoka wapi, na baada ya siku ngapi? Kuna mahali pa kulala kwa mtu wa kutoka mbali? Jumamosi inafanya kazi?

Hiyo ya Jumamosi si utani. Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki lilisimamia utafiti katika vituo tisa vya nchi ambazo si tajiri, wagonjwa 908 wa kansa za kichwa na shingo. Nusu walichomwa mara tano kwa wiki, nusu mara sita. Mionzi jumla ni ile ile. Matokeo yalichapishwa 2010: baada ya miaka mitano, uvimbe ulikuwa umedhibitiwa kwa watu 30 kwa 100 wa kundi la kwanza, na 42 kwa 100 wa kundi la pili. Hakuna dawa mpya, hakuna mashine mpya. Ni wiki kufupishwa tu kwa kuongeza siku moja ya kazi. Wa siku sita waliumwa zaidi na vidonda mdomoni wakati wa matibabu, hilo lazima lisemwe, lakini vidonda vinapona. Na ile siku ya ziada inaweza pia kumsaidia aliyekosa Jumatano kuifidia.

Najua mtu wa bajeti atasema wafanyakazi ni wachache na wamechoka. Ni kweli. Basi waajiriwe. Vijana wangapi wamemaliza kusomea mambo ya mionzi na wanaendesha boda?

Wiki mbili zilizopita, jirani yetu hapa nyuma, mama wa makamo, alikuwa wiki ya tatu ya kuchomwa mji mwingine. Shemeji yake akafariki. Mazishi Jumamosi, kama kawaida yetu. Akanipigia mimi, kwa sababu huwa naandika mambo haya na anadhani najua kila kitu, akaniuliza kama anaweza kuja Jumanne asaidie kupika mpaka Jumamosi. Nilimwambia mimi si daktari, aulize nesi wa pale pale, na aulize akiwa ameshika kadi, aonyeshe tarehe kwa kidole.

Alirudi na jibu rahisi mpaka nikataka kulia. Mashine inapumzika Jumamosi na Jumapili. Achomwe Ijumaa asubuhi, apande gari, afike usiku, azike Jumamosi, Jumapili jioni awe barabarani, Jumatatu mezani. Hakuna sanduku tupu hata moja.

Alifanya hivyo. Alifika Ijumaa saa nne usiku amechoka, akakaa na wenzake kwa moto, Jumamosi akazika. Jumapili saa kumi nilimpeleka steji mimi mwenyewe. Wazee wawili wa boma walilalamika kwamba ametoka kabla ya mambo kuisha, na mmoja wao bado hanisalimii.

Leo asubuhi amenitumia picha ya kadi yake. Sanduku la 19 lina sahihi.